Kuagiza trela la guzineki: namna ya kumpata muuzaji anayejua kazi yake

Mzee aliyeniuzia trela langu la pili alikaa karibu saa nzima bila kutaja bei. Nilifika kwenye yadi yake asubuhi na mapema, nikamwambia nataka guzineki la futi 30, ekseli mbili, matairi pacha. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ofisini, akatoka na futi ya kupimia na tochi. Nikadhani ananipeleka kwenye matrela. Kumbe anaiendea pikapu yangu. Akafungua mlango wa dereva, akasoma kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango, akaandika namba mbili kiganjani. Akazunguka nyuma, akapima kutoka ardhini hadi sakafu ya bodi, halafu kutoka lilipo tufe la kufungia hadi mgongo wa kabini. Alipomaliza ndipo akauliza: "Unabeba nini, na uzito wake uko mbele au nyuma?"

Trela la kwanza nililinunua kwa mtu ambaye swali lake la kwanza lilihusu rangi.

Mwongozo huu unahusu namna ya kumtofautisha mzee yule na yule wa rangi, kabla hujatoa hata dola moja. Naandika kwa sheria na mazoea ya Marekani, maana huko ndiko matrela haya yamejaa barabarani.

Kwa anayeanza: guzineki ni trela ambalo sehemu yake ya mbele imeinuka na kukunjwa kama shingo ya bata bukini, ikashuka na kukalia tufe la chuma, kwa kawaida la inchi 2 na 5/16, lililofungwa kwenye bodi ya pikapu juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa kuwa uzito unakaa juu ya ekseli badala ya kuning'inia nyuma ya bampa, trela hutulia hata likiwa na trekta mgongoni. Ila utulivu huo una gharama yake. Trela la kufungwa kwenye bampa huliegemezea gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Guzineki huegemeza asilimia 20 hadi 25. Na trela la kuagiza linajengwa kwa vipimo vyako, kwa hiyo hata makosa yatajengwa kwa vipimo vyako.

Hatua ya 1: Jipime mwenyewe kwanza

Muuzaji mzuri hawezi kukusaidia ukienda kwake mikono mitupu. Chukua karatasi, uandike mambo manne: unabeba nini, kina uzito gani, kina urefu gani, na kinapandaje juu ya trela. Kijiko, yaani mashine ya kuchimba, chenye minyororo ya kutembelea hupanda kwa nguvu zake. Marobota ya nyasi hupandishwa kwa uma kutoka ubavuni. Gari bovu huvutwa kwa winchi. Hayo ni matrela matatu tofauti hata kama urefu ni mmoja.

Kisha nenda kwenye pikapu. Kibandiko cha mlangoni kina namba iliyoandikwa GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao gari lenyewe linaruhusiwa kufikia likiwa na kila kitu ndani yake, pamoja na uzito ulioegemezwa na trela. Chini yake kuna kikomo cha kila ekseli. Jaza tangi la mafuta, panda na watu unaosafiri nao na vifaa vyako vyote, nenda kwenye mizani ya malori. Zile za CAT Scale kwenye vituo vya malori zitakupa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Toa ulichopata kwenye GVWR. Kinachobaki ndicho pikapu yako inachoweza kubeba kutoka kwenye shingo ya trela.

Tuchukue mfano. Pikapu yenye matairi manne nyuma ina GVWR ya pauni 14,000, na mizani imeonyesha 8,400. Zimebaki 5,600. Trela likiwa na uzito wa pauni 20,000 pamoja na mzigo, shingo itaegemeza kati ya 4,000 na 5,000. Inatosha, japo haijaacha nafasi kubwa. Sasa chukua pikapu ya matairi mawili nyuma, GVWR 11,500, kwenye mizani 7,700. Zimebaki 3,800. Trela lilelile linakuzidi hata kwa hesabu ya chini kabisa ya asilimia 20. Injini italivuta bila shida, na matangazo yatakuambia linavutika, lakini springi na ekseli ya nyuma hazijui matangazo.

Mtu anayekuuzia trela bila kuiona hesabu hii anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Iandike, uwe nayo mfukoni, na usimwonyeshe mapema. Ngoja uone kama ataiomba.

Hatua ya 2: Waulize wanaoyatengeneza yanapovunjika

Watu wengi huanza kwa kutafuta kwenye intaneti muuzaji aliye karibu na mwenye bei ya chini. Mimi naanza kwa fundi. Kila mji wenye mashamba au ujenzi una karakana ya mtu anayebadilisha beringi, kuchomelea nyufa na kusuka upya nyaya za taa za matrela. Huyo ameshaona matumbo ya kila chapa inayouzwa eneo lake. Muulize maswali mawili tu: ni trela la kiwanda gani hulioni hapa mara kwa mara, na ni muuzaji gani akileta trela lenye tatizo anakuja na karatasi za dhamana mkononi badala ya kukulaumu wewe?

Baada ya fundi, waulize wanaoyatesa matrela: kampuni za kukodisha mitambo, madereva wa mizigo ya haraka wanaovuta kwa pikapu, wafugaji wanaopeleka ng'ombe mnadani. Mwenye trela moja analotumia mara mbili kwa mwezi atakusifia lake tu, maana bado linang'aa.

Viwanda vyenyewe huwa na orodha ya wauzaji wao. Kaskazini-mashariki mwa Texas, kuzunguka miji kama Mount Pleasant na Paris, kuna viwanda vingi vya matrela, na bidhaa zao huuzwa nchi nzima. Kuna pia wajenzi wadogo wanaouza moja kwa moja bila mtu wa kati. Ukienda kwa mjenzi mdogo, hakikisha amejiandikisha kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu, kama sheria inavyomtaka kila mtengenezaji wa matrela. Angalia pia kama kiwanda kimo kwenye NATM, chama cha kitaifa cha watengenezaji wa matrela. Chama hicho kina mpango wa kutuma wakaguzi viwandani kuona kama utaratibu wa kujenga unafuata kanuni za usalama, na matrela ya viwanda hivyo hubandikwa kibandiko chake. Kibandiko hakikuambii kwamba mchomeleaji alikuwa makini siku ile. Kinakuambia kwamba kuna mtu wa nje aliyewahi kukagua namna kiwanda kinavyofanya kazi.

Hatua ya 3: Simu ya kwanza

Piga simu kwa watatu au wanne. Eleza kazi yako kwa sentensi moja kisha nyamaza. Anayejua ataanza kukuuliza: pikapu gani, bodi ndefu au fupi, mzigo gani, unavuka mipaka ya majimbo au la, una leseni ya daraja gani. Asiyejua atakuambia anacho kimoja pale yadi na kuna punguzo hadi Ijumaa.

Halafu tega mtego huu. Uliza: "Trela la GVWR ya pauni 25,900 linahitaji leseni ya udereva wa kibiashara?"

Namba hiyo utaikuta kwenye matrela mengi mazito, na wengi hudhani imechaguliwa ili dereva akwepe leseni. Ukweli ni kwamba inahusu kodi. Serikali kuu hutoza asilimia 12 kwa mauzo ya kwanza ya rejareja ya trela ambalo uzito wake wa juu unazidi pauni 26,000, kwa hiyo viwanda hulishusha kidogo chini ya mstari. Leseni ni hesabu nyingine kabisa: kwa kazi ya biashara, leseni ya daraja A huhitajika pale GVWR ya pikapu ukijumlisha na ya trela inapofika pauni 26,001 au zaidi, na trela lenyewe likiwa limezidi 10,000. Pikapu ya 14,000 na trela la 25,900 ni 39,900. Hapo hakuna mjadala. Anayetaka kubaki chini ya mstari na pikapu ya 11,500 anaagiza trela lisilozidi 14,500, na anakubali kubeba kidogo. Kwa wakulima na wanaovuta vitu vyao binafsi kuna misamaha, na majimbo yana kanuni zake. Muuzaji anayejua atakuelekeza kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako badala ya kukuhakikishia mwenyewe kwa mdomo.

Anayejibu "25,900 iko chini ya 26,000, huhitaji chochote" mshukuru, kata simu. Atakayelipa faini ni wewe.

Hatua ya 4: Nenda yadi, ulale chini

Vaa nguo za kuchafuka. Trela husomwa kutoka chini, na muuzaji anayejua hushuka chini pamoja nawe. Yule mzee alikuwa na kipande cha zulia kuukuu kwa ajili hiyo, akakitandika, tukalala wawili chini ya guzineki jipya kama mafundi, tochi mkononi.

Angalia mishono ya kuchomelea, hasa pale shingo inapoungana na boriti kuu na pale vishikio vya springi vinaposhika boriti. Mshono mzuri una mawimbi yaliyolingana na umeshika vyuma vyote viwili. Vitundu vidogo, mfereji uliochimbika pembeni mwa mshono, au mshono unaokatika njiani na kuanza tena, ni dalili za haraka. Usidanganywe na rangi nene. Pitisha kidole.

Fuata waya kutoka soketi ya pini saba hadi taa za nyuma. Je, umepita ndani ya bomba au umefungwa kwa vibano vya plastiki nje, mahali ambapo jiwe litaufikia? Maungio yamezibwa kwa mpira usiopitisha maji, au yamebanwa tu na kufungwa utepe? Matatizo mengi ya taa huanzia kwenye maungio haya na kwenye waya wa kurudisha umeme uliofungwa juu ya rangi.

Hesabu taa. Trela la upana wa inchi 80 au zaidi linatakiwa kuwa na taa za pembeni zinazoonyesha upana, na taa tatu ndogo zilizopangwa pamoja katikati nyuma. Likizidi pia GVWR ya pauni 10,000, linatakiwa kuwa na utepe unaong'aa wa nyekundu na nyeupe. Ukiona trela jipya yadini halina vitu hivi, usiulize la bei.

Soma kibati cha mtengenezaji: jina la kiwanda, mwezi na mwaka, GVWR, kikomo cha kila ekseli, saizi ya tairi na upepo wake, na namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Ya kumi kati ya hizo huonyesha mwaka wa modeli. Linganisha kibati na kilichopo mbele yako. Nimewahi kukuta kibati kinasema tairi za daraja moja na kwenye rimu kuna za daraja la chini yake. Muuzaji akasema "zinafanana". Hazifanani.

Hatua ya 5: Mazungumzo ya chuma

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na hapa ndipo anayejua anajitenga na msoma vipeperushi.

Anza na mahali ekseli zinapokaa. Nilitangulia kusema mtu wa trela langu la kwanza aliniuliza rangi. Nilichagua nyeusi. Hakuuliza mzigo. Kiwanda kikaweka ekseli nyuma kabisa, kama kinavyofanya kwa anayebeba mizigo iliyotandazwa sawasawa. Mimi nabeba kijiko, kitu kifupi chenye uzito mwingi mahali pamoja. Siku ya kwanza kwenye mizani, kijiko kikiwa mahali ambapo pete za kufungia zilikuwa zimechomelewa, ekseli ya nyuma ya pikapu ilikuwa imezidi kwa karibu pauni 900. Nilikirudisha nyuma, minyororo ikakosa pa kushika. Mwishowe nilimlipa fundi asogeze ekseli mbele, na ufa wa rangi ulipotokea mwaka uliofuata kiwanda kikaniambia nimebadilisha muundo, dhamana imekufa. Muuzaji naye akasema ningemwambia nabeba nini.

Kwa hiyo muulize: "Kwa mzigo wangu, ekseli utaziweka wapi, na shingo itaegemeza pauni ngapi?" Atakayechukua kalamu na kuchora boriti, akaweka mzigo juu yake na kukokotoa, huyo ni mtu. Atakayesema "kiwanda wanajua" anakuomba uwaamini watu ambao hawajakiona kijiko chako.

Boriti kuu. Guzineki la kazi nzito hujengwa kwa boriti za umbo la I, na kimo peke yake hakisemi kitu. Boriti ya inchi 12 huweza kuwa ya pauni 14 kwa futi, au 19, au 22. Uliza uzito kwa futi. Swali hili ni dogo na lina nguvu, kwa sababu muuzaji anayeuza chuma kila siku hujibu bila kuangalia popote. Uliza pia vyuma vya kukingama viko umbali gani kati ya kimoja na kingine. Inchi 16 ni kipimo cha kawaida kwenye matrela imara, na kadiri nafasi inavyopanuka ndivyo sakafu inavyoanza kuzama chini ya magurudumu ya mashine. Na je, vyuma hivyo vimelala juu ya boriti au vimepenya ndani yake? Vikipenya, sakafu hushuka kwa inchi kadhaa na rampu hazihitaji kusimama mno. Kwa mitambo naipenda ya namna hiyo, mradi matundu yamechomelewa kuzunguka pande zote.

Ekseli na tairi ziulizwe pamoja. Ekseli ya pauni 7,000 yenye tairi mbili za ST235/80R16 (ST ni tairi maalumu za trela) za daraja E la kubeba mzigo: kila tairi hubeba pauni 3,520 kwa upepo wa psi 80, mbili ni 7,040. Umebaki na pauni 40 za akiba, yaani uzito wa tairi la akiba lisilo na rimu. Daraja G ya saizi hiyohiyo hubeba 4,400 kwa upepo wa psi 110. Bei inapanda kidogo, rimu lazima nayo iwe ya kuhimili upepo huo, lakini kiangazi barabara inapochemka utaelewa ulilipia nini. Matairi mengi ya ST yalibuniwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa. Yanayoruhusu zaidi yana herufi ya mwendo ubavuni. Na usome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Trela jipya lenye matairi ya miaka mitatu si jipya sana.

Springi za majani au za mpira uliofungiwa ndani ya ekseli? Za mpira ni laini na hazina vishikizo vingi vya kupaka grisi, lakini zikichoka unabadilisha ekseli nzima. Za majani hutengenezeka popote. Kwa farasi ningechagua za kwanza, kwa chuma na changarawe za pili, na simlaumu anayechagua kinyume.

Breki: dramu za umeme ndizo za kawaida na zinatosha wengi. Ukivuta milimani na mzigo mzito kila wiki, muulize kuhusu breki za diski zinazosukumwa kwa mafuta kupitia pampu ya umeme, na muulize swali la pili: je, kifaa cha kudhibiti breki kilichomo kwenye pikapu yangu kinaongea na pampu hiyo? Si vyote vinavyopatana nayo. Anayejua ataomba mwaka na modeli ya pikapu kabla ya kujibu.

Shingo yenyewe isisahaulike. Kikombe kinachokalia tufe kiweze kupandishwa na kushushwa, kwa sababu trela linatakiwa kukaa sawa. Likiinua pua, ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya mwenzake. Kati ya kingo za bodi ya pikapu na tumbo la shingo pawe na nafasi ya kutosha ili bonde barabarani lisizigonganishe. Ikiwa bodi yako ni fupi, mwambie akuonyeshe kwa vipimo kwamba pembe ya trela haitagusa kioo cha nyuma ukikata kona kali. Ndiyo maana yule mzee alipima mgongo wa kabini.

Upana usizidi inchi 102. Muuzaji akikukubalia 104 kwa sababu wewe ndiye mteja, hilo ni jibu la kutosha.

Hatua ya 6: Kila kitu kwenye karatasi

Mkimaliza kuongea, omba orodha ya kila kitu kwa maandishi pamoja na mchoro: uzito wa boriti kwa futi, umbali wa vyuma vya kukingama, chapa na uwezo wa ekseli, umbali kutoka tufe hadi katikati ya ekseli, daraja la tairi, aina ya breki, idadi na mahali pa pete za kufungia, aina ya mbao za sakafu, maandalizi ya chuma kabla ya rangi. Uwe na namba tatu zilizoandikwa: GVWR, uzito wa trela tupu unaotarajiwa, na kile kinachobaki cha kubeba. Trela la 25,900 lenye uzito wa 8,000 likiwa tupu linabeba 17,900. Kila kikorombwezo unachoongeza, sanduku la vifaa, winchi, rampu za haidroli, kinakula hapo.

Malipo ya awali yaandikwe: yanarudishwa lini na hayarudishwi lini, bei ya chuma ikipanda nani anabeba, likichelewa nini kinatokea. Mabadiliko yoyote baada ya hapo yasainiwe na pande zote mbili. Usiseme "tulikubaliana kwa simu".

Dhamana isome polepole. Kwa kawaida muundo una dhamana ya kiwanda cha trela, ekseli ina ya mtengenezaji wa ekseli, na tairi lina yake. Uliza nani anafanya matengenezo, na wapi. Dhamana inayokutaka urudishe trela maili 900 kiwandani kwa gharama yako ni karatasi nzuri ya kufungia vitafunwa. Uliza pia kama muuzaji ana karakana yake na beringi na viatu vya breki vya ekseli zako rafuni. Nenda ukavione.

Mwisho, hati ya asili kutoka kiwandani, inayojulikana kwa herufi MSO au MCO. Bila hiyo huwezi kusajili trela kama jipya. Ijulikane itakabidhiwa siku gani.

Hatua ya 7: Kabla ya rangi

Omba picha za trela likiwa chuma kitupu, au bora zaidi, omba ruhusa ya kwenda kuliona. Wajenzi wengi wadogo hukubali. Chukua mchoro na futi yako. Pima umbali wa ekseli kabla mtu hajapuliza rangi, kwa sababu baada ya hapo kila kosa linakuwa na mtu wa kulitetea.

Hatua ya 8: Siku ya kulichukua

Usiende jioni, na usiende siku una mzigo wa kuwahi. Linganisha trela na orodha, mstari kwa mstari. Lifunge kwenye pikapu, funga minyororo, washa kila taa. Kisha vuta waya wa dharura, ule unaofunga breki za trela lenyewe likichomoka. Kwa magari ya biashara, kanuni zinataka breki hizo zishike kwa angalau dakika 15. Jaribu kuondoka polepole waya ukiwa umevutwa: magurudumu ya trela yanatakiwa kugoma. Muuzaji anayejua kazi ndiye atakayekuambia uuvute waya huo hata kabla hujaomba.

Breki mpya za umeme hazishiki vizuri hadi zijisugue. Tafuta barabara tulivu, uende maili 40 kwa saa, ushuke hadi 20 kwa kutumia breki za trela, urudie mara ishirini hivi huku ukiziacha zipoe katikati.

Pakia mzigo wako halisi wa kawaida na uende mizani siku hiyohiyo au kesho yake. Linganisha uzito wa kila ekseli na ile hesabu uliyokuwa nayo mfukoni, na ile aliyochora muuzaji. Zikitofautiana sana, rudi mapema, ungali mteja mpya.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kabla ya kuondoka, halafu tena baada ya maili 10, 25 na 50. Nikiwa maili ya 48 hivi siku ile niliyolichukua trela la pili, simu iliita. Alikuwa yule mzee, anauliza kama nimeshasimama kukaza.